Mstari Juu ya Chaki

Nsimire alipaka mafuta ya taa upande mmoja wa mshono aliouchomelea mwenyewe, na chaki upande wa pili, akangoja kuona kama kuna ufa wa kupenyeza mafuta. Juu yake lilikuwa daraja la chuma la kuingilia boti ya kwenda kisiwa cha Idjwi. Ufukweni, mamia ya watu waliokimbia vita walisubiri, mama yake mbele.

"Maman soudeur, bado tu? Uko unapika bugali huko chini?" askari alimfokea fundi huyo wa kuchomelea.

Mstari mweusi, mrefu kama kidole, ulijichora juu ya chaki: mafuta yalikuwa yamepenya ufa. Mawimbi ya miaka mingi yalikuwa yameuchosha mshono.

Akisema ukweli, watakanyagana. Aliufuta mstari kwa kiganja.

"Wapite mumoja mumoja," alijibu. "Polepole, kama kwenye komunyo."

Mama yake alikanyaga daraja. Kilimani bunduki zikalia, na nyuma yake watu wote wakaanza kukimbilia darajani kwa pamoja.