Shimo la Sabini na Tatu

"Arobaini na mbili!"

Jibu lilipenya ukuta wa mbao kabla Mwalimu Mutie hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Lilitoka darasa la tatu, kwa Mwalimu Waringa. Watoto wake yeye, wa darasa la nne, walikuwa bado wanahesabu vidole.

Roho ilimuuma. Miaka kumi na mmoja amefundisha hapa shule ya Kabati akingoja kiti cha naibu wa mwalimu mkuu. Sasa huyu msichana wa juzi kutoka Murang'a anasifiwa mpaka sokoni, na kwa nini? Kwa mkebe wa vifuniko vya soda! Anavipanga safu sita, kila safu saba, mtoto anatazama, anaelewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mutie hakupona kitu, alizidi kuugua.

Hata Mbula, ambaye Mutie alimrudisha darasa la tatu akisema kichwa chake ni cha kuvalia kamba ya kubebea mtungi wa maji tu, siku hizi alipaza sauti kuliko wote.

Na Jumatatu Inspekta wa shule angekuja kupendekeza naibu.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Mutie aliingia darasani kwa Waringa akauchukua ule mkebe. Kama angeulizwa, angesema alikuja kutazama shamba la shule, kwa kuwa lilikuwa chini yake. Alipomaliza alinawa udongo mikononi kwenye tangi, akaenda zake nyumbani. Alilala fofofo.

Asubuhi Waringa alipekua kabati na kuinama chini ya kila dawati.

"Mwalimu, hujaona mkebe wangu?"

"Pole, dada. Hawa watoto ni wezi sana."

"Wangu hawaibi," alisema Waringa.

Inspekta alifika saa nne. Alipoambiwa vifaa vimepotea, alikunja uso. "Sasa utafundisha na nini?"

Waringa alifungua mlango. "Twende nje."

Akawapeleka watoto shambani, kwenye mashimo ya mahindi yaliyotiwa mbolea ya ng'ombe yakingoja mvua. Mutie aliwafuata akijizuia kucheka. Bahati iliyoje! Amemnyang'anya mkebe, naye Waringa anamtangazia shamba lake.

"Nani amechimba hii?" Inspekta aliuliza. "Imenyooka kweli."

"Ni mimi, bwana. Mistari minane, kila mstari mashimo tisa. Nilipima na kamba. Hakuna mtu mwingine ameingiza jembe hapa, hata mmoja."

Inspekta aliandika kitu kwenye daftari lake. Mutie alijiona tayari ameketi kwenye kile kiti.

"Haya, watoto," Waringa aliita. "Nane mara tisa?"

Walikimbia kati ya mistari wakinyoosha vidole. "Sabini na mbili!"

Mbula peke yake alikuwa bado huko mwisho, ameinama.

"Sabini na tatu, mwalimu. Huu mstari uko na kumi."

Wenzake walimcheka. Waringa hakucheka. "Hesabu tena, kwa sauti."

Mbula alihesabu shimo kwa shimo, bila haraka, akasimama kwenye la mwisho. "Kumi. Na hili halina mbolea, limefukiwa udongo mpya."

Inspekta alilitazama shimo, akafunga daftari.

"Mwalimu Mutie," alisema, "hebu lete hilo jembe lako."