Mgeni wa Kiti cha Mbele

Tangu harusi zote zihamie ndani ya mchezo wa kompyuta, mashine isiyotiwa kufuli la usalama la kampuni ya mchezo huo haipiti mlangoni. Bi Ruzuna alikuwa na Linux yake, mfumo huria usio na kufuli hilo, na programu ya kuendesha kadi ya picha aliyoirekebisha mwenyewe. Alipojaribu kuingia harusini, mchezo ukamtimua tena: "Mfumo wako hauaminiki. Kiti chako tutakijaza wenyewe."

"Siaminiki mimi, niliyembeba bi harusi tumboni? Washenzi wakubwa!" Akaipiga kibodi ngumi.

Simu ikaita. Alikuwa bi harusi mwenyewe, binti yake Shemsa.

"Mama, ahsante kwa kuja. Umependeza! Na leo hujamgombeza mtu hata mmoja."

"Nimekuja wapi? Niko jikoni kwangu, wamenifungia nje!"

Shemsa akacheka. "Acha utani, Mama. Si nimekushika mkono hapa kiti cha mbele, unatabasamu?"