Daraja la Tolliver

"Mwongo mkubwa! Daraja lilisombwa na mafuriko, halikuungua!" Bi Gulshan aliifokea tableti.

Kule Tolliver, kaunti ya mashamba ya mahindi huko Marekani, hajawahi kutia mguu. Yeye yuko Etobicoke, Toronto, ghorofa ya kumi na nne, chapati zake zimefunikwa kwa kitambaa maana hotpoti ilipotea tangu Muharram. Lakini miaka sita iliyopita alimsaidia mjukuu wake Aleena kazi ya shule juu ya kaunti ile, basi, ikamwingia kama upele. Vijito, vilima, nani alitoroka na mke wa nani mwaka 1922; wafu wa Tolliver aliwajua kuliko mashemeji zake. Kwenye ukurasa wa kaunti mtandaoni alijiita Ruthi, mjane wa mkulima.

Leo ukurasa unachagua mtunza historia wa kaunti. Wagombea wawili: Ruthi, na Kalebu, mfuga ng'ombe mwenye kiburi. Sharti ni moja tu, wagombea wafungue kamera waonekane.

"Watakufukuza, Dadi," Aleena alimwambia bibi yake kwa Kiingereza chake.

"Na wanifukuze! Nikimwachia Kalebu, daraja litaungua milele."

Kalebu alimtesa. Alimsahihisha hata makaburi. Heri yake moja: jua likizama, hata ubishi uwe umepamba moto vipi, alinyamaza nusu saa nzima, Gulshan akaswali Magharibi kwa raha. Alhamisi jioni pia hakuonekana, Gulshan akapanda gari na Kubra, jirani wa ghorofa ya tisa, wakaenda zao majlisi msikitini Vaughan, nje kidogo ya Toronto, moyo mweupe.

Na juzi, kwenye shindano la pai za maboga, Kalebu akashauri watu watie iliki!

"Mchunga ng'ombe, iliki kaijulia wapi?" Gulshan alicheka mpaka akashika mbavu.

Saa tisa alasiri ikafika. Akajitanda mtandio wake wa hariri, akapiga bismillahi, akabonyeza.

Sura yake ikajaa kwenye kioo.

Kisha kamera ya Kalebu ikafunguka. Kubra alikuwa ameduwaa, kijiko hewani, na mbele yake, mezani, hotpoti ya Gulshan.

"Shoga," Kubra akasema, akimeza tonge, "lakini daraja liliungua."