Mlango wa Nyuma

"Wameufungua?"

Siku ya tisa bila kula, Mama Vifungo alikuwa amebaki na swali hilo tu. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka mbele ya geti la kiwanda cha mashati.

"Bado, wifi," alijibu wifi yake, mshona mikono ya mashati, akimlowesha midomo kwa kitambaa.

Ulikuwa mlango wa nyuma, uliopigwa kufuli saa zote za kazi ili vitambaa visiibwe. Mwaka jana moshi ulipotanda, binti yake Mama Vifungo, mpiga pasi, alikutwa hapo mlangoni, kucha zimeng'oka. Mama hakurusha jiwe. Alitandika mkeka, akasema atakula mlango ukifunguliwa. Watu walicheka, maana chakula alikuwa anakipenda kwelikweli.

Kiwandani humo hakuna anayeshona shati zima. Huyu kola, yule mkono, mwingine vifungo. Katibu wa chama cha wafanyakazi aliugawa mgomo vivyo hivyo: yeye azungumze na bosi, wifi aingie ndani kumletea mama maji na majibu, wengine waimbe kila bosi akifungua kinywa. Mwingine yeyote asiusogelee mkeka, asije akamlainisha mama wa watu moyo.

"Kila mtu na kipande chake," alisema.

Siku ya kumi jua lilikuwa la utosi. Mama Vifungo alipapasa mgongo wa wifi yake.

"Mbona hujatota jasho? Humo kiwandani si tanuri?"

"Leo kuna mawingu, wifi."

Hakubisha. Macho yalikuwa hayaoni mbali tena.

"Nikishindwa, msirushe hata jiwe."

"Haturushi."

Wifi alilia, na kilikuwa kilio cha kweli. Bosi alitokea dirishani akipunga mikono, akipayuka, lakini wimbo ulimzidi sauti.

Siku ya kumi na moja Mama Vifungo aliuliza tena, akajibiwa bado, akakata roho.

Mji mzima ulifurika getini. Kabla ya adhuhuri bosi alisalimu amri: saa za kazi zikapunguzwa, waliofukuzwa wakarudishwa, chama kikatambuliwa. Marehemu hakuwa ameomba hata kimoja kati ya hivyo. Katibu alibebwa juujuu.

Wifi aliukunja mkeka, akautia kwapani. Getini hapakupitika. Alizunguka nyuma ya kiwanda, akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka, kama ulivyofunguka kila asubuhi tangu siku ya nne.