Kitabu cha Mwisho cha Safari ya Zuhali

Siku hizi kitabu husomwa mara moja tu; jicho likipita, maneno yanafutika. Bi Mwanakheri alilijua hilo, lakini hadithi ya watoto waliorusha chombo cha anga wakasafiri nacho hadi sayari ya Zuhali ilimteka. Mjukuu wake Sabiha akiwa shuleni, bibi alifungua ukurasa mmoja wa kitabu cha mtoto, akajikuta amekimaliza.

Sabiha alirudi akakuta karatasi nyeupe.

"Bibi! Hiki ndicho kilichokuwa cha mwisho dukani!"

"Nilitaka kuonja tu, mke mwenzangu." Bibi alimtania, akikifunika kitabu.

"Basi niambie. Yule Kadogo wa kwenye jalada, alirudi kwao?"

Kitabuni, Kadogo aliachwa kulekule Zuhali, peke yake. Bi Mwanakheri aliyatazama machozi ya mtoto.

"Alirudi. Mamake akampikia vitumbua."

Sabiha akacheka, akatoka mbio kuwahadithia wenziwe waliokwisha kusoma nakala zao za kitabu hichohicho. Bi Mwanakheri alimfuata hadi mlangoni, asimwite.