Sauti ya Mteremkoni

"Mwaluko, punguza mwendo!"

"Si nimepunguza—"

"Hujapunguza, utatuua!"

"Kwani Nyemo, anayeendesha ni mimi au wewe?"

Kabla mkewe hajajibu, gari lenyewe likadakia. "Taratibu, wanangu. Mimi Mama Rozi, muuza vitunguu. Mwendokasi ulinimaliza hapa hapa."

Ndiyo sheria ya siku hizi: ukivuka themanini, gari linakukaripia kwa sauti ya marehemu aliyegongwa kwenye kipande hicho cha barabara. Mwaluko alishawazoea, hata huwa anawatania: "Shikamoo, Mama Rozi!" Leo hakutania. Mbele ulikuwepo mteremko aliofia shemeji yake, Chilewa, na kiti cha nyuma alikaa mama mkwe, aliyemzaa Chilewa. Tangu msiba ule, mama huyo hupanda gari amefumba macho. Mwaluko akashusha hadi hamsini, asije akamtonesha kidonda.

Wakafika mteremkoni. Gari kimya. Nyemo kashikilia mlango.

Mama mkwe akafumbua macho, akamgusa Mwaluko begani.

"Baba," akasema, "hebu kanyaga mafuta kidogo, nimsikie."