Plasta ya Bi Hadia

Hivi wewe umewahi kuona dawa ya maumivu isiyomezwa wala kuchomwa sindano, inabandikwa tu kama plasta, ikapenya ngozini taratibu? Ndiyo aliyopewa Bi Hadia, kansa ilipomwingia mifupani. Aliyembandika ni mke mwenzake, Mwanamvua, na muuguzi alikwisha kumwonya: ngozi iwe kavu, mafuta huizuia dawa kupenya.

Lakini kila mara Mwanamvua alimpaka kwanza mafuta ya nazi, akimsugua bega polepole, mpaka majirani wakamsifu kwa huruma yake. Plasta ikawa inabanduka, na Bi Hadia anauma mto kwa maumivu.

"Wee," Bi Hadia aliguna asubuhi moja, "mkono wako una mkosi. Hata dawa inaukimbia."

Mwanamvua akacheka kidogo. Kisha akalifuta lile bega kwa maji ya sabuni, akalikausha kwa upindo wa kanga yake. Akabandua karatasi ya plasta mpya, akaishika juu ya ngozi bila kuigusisha.

"Miaka yote tumekula sinia moja, unaniita wee," alisema. "Nilitaka uniite Mwanamvua. Basi."